Upepo wa Binti Ludlam

Watu wa Ledcombe husema kinanda cha kanisa kinapigwa na mpiga kinanda. Wamekosea, na nimechoka kuwasahihisha. Mpiga kinanda anabonyeza tu. Anayekifanya kilie ni yule jamaa wa nyuma, kwenye kichumba chenye giza na buibui, anayekandamiza mti wa mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayopeleka upepo kwenye filimbi, juu chini, juu chini, mpaka shati linamganda mgongoni. Bila upepo wake hata malaika wangebonyeza mpaka vidole viote sugu, wasipate sauti hata moja. Jamaa huyo ni mimi, Enoch Pargeter. Siku za kazi natengeneza mapipa ya pombe ya matufaha. Jumapili navukuta.

Kichumba changu kiko nyuma ya kinanda, juu kwenye roshani. Simwoni mpiga kinanda wala yeye hanioni; kati yetu kuna ubao wa mwaloni na msitu wa filimbi. Ukutani kuna kipande cha madini ya risasi kinachoning'inia kwenye uzi. Mivukuto ikijaa, risasi inashuka. Upepo ukipungua, inapanda, na ikiupita mstari wa chaki uliochorwa pale, filimbi zinalegea zote kwa pamoja na kinanda kinaguna kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope. Hapo kanisa zima hugeuza shingo. Wakati wangu haijawahi kutokea, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Basi, najisifu kidogo.

Mpiga kinanda naye haonekani na waumini. Anakaa amewapa mgongo, na nyuma yake limevutwa pazia jekundu, ili watu wamtazame kasisi wasimtazame yeye. Ndiyo desturi yetu. Kwa sababu ya pazia hilo mji mzima ulidanganywa kwa miaka mingi, na aliyejua alikuwa mimi peke yangu.

Mpiga kinanda wetu alikuwa Bwana Gervase Ludlam, mzee mwenye wigi lililokuwa na umri mkubwa kuliko wake. Alikipiga kinanda kile tangu mimi sijaota ndevu. Kisha jongo likamwingia mikononi. Vidole vikavimba, vikapinda, ikawa hata kijiko anashika kwa taabu. Mtu mwingine angeenda kwa wazee wa kanisa akasema, jamani, mimi basi. Bwana Ludlam hakusema. Kila Jumapili alipanda ngazi za roshani ameshikwa mkono na binti yake Damaris, ambaye watu waliambiwa kazi yake ni kumfunulia kurasa. Wakishaingia nyuma ya pazia, binti ndiye aliyekaa kwenye benchi. Baba alikaa kando, amekunja mikono mapajani. Ibada ikiisha alitokeza, akainamisha kichwa, watu wakamwambia, "Leo umetukosha, Bwana Ludlam," naye akasema asante bila hata haya usoni.

Mimi nilijua Jumapili ya kwanza tu. Bwana Ludlam alikula upepo kwa pupa. Kila mkupuo wa vidole ulinishtua begani. Siku ile upepo ukaanza kuondoka taratibu, kwa adabu, kama mtu anayenywa maziwa ya moto. Mkono wangu ulitambua kabla ya sikio. Nikajisemea, Enoch, huyu siye mzee. Nikakaa kimya, kwani nani aliniuliza?

Baada ya ibada Damaris alikuja nyuma, akachungulia kichumbani, uso mwembamba, nywele zimechomoza kidogo kwenye kofia.

"Asante kwa upepo, Enoch," akasema.

Katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunishukuru kwa upepo. Nilisimama pale na jasho langu, nikamwinamishia kichwa.

Pale kwetu, zaburi inaimbwa polepole, na kila ubeti ukiisha watu wanapumua, na mpiga kinanda anajaza hilo pengo kwa kipande chake mwenyewe kabla ubeti mwingine haujaanza. Baba yake alijaza kwa vijisauti vya kukimbiakimbia, safi, kama mtu anayepanga sahani. Damaris hakufanya hivyo. Yeye alianza na filimbi nene zilizozibwa juu, zile zenye sauti ya ndani ndani, akapanda kidogo, akasimama, kana kwamba ameuliza jambo na anangoja. Halafu, kabla hajajibiwa, waumini wakavamia na ubeti wao. Ubeti ukiisha, akauliza tena. Kila Jumapili nilikuwa gizani mle, mikono inakwenda juu chini, moyo unaniuma kwa hamu ya kitu ambacho sikuweza kukitaja. Nilitamani angalau mara moja wale watu wanyamaze, nisikie angemalizia vipi.

Hivyo ndivyo nilivyompenda. Siyo kwa macho. Mama Sallow, mjane anayefungulia familia vijilango vya viti vyao kanisani na kujua habari za kila mtu, alikuwa akinitania hadharani: "Enoch, utaoa lini wewe? Au unangoja pipa moja likubali posa?" Watu wanacheka, nami nacheka. Ningemwambia nini? Kwamba nimempenda mwanamke kwa jinsi anavyotumia upepo? Angenipeleka kwa daktari wa wehu.

Bwana Ludlam akafa wakati wa Kwaresima. Kinanda kikanyamaza. Zaburi zikaanzishwa na karani wa kanisa, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta, na watu wakaanza kusema waziwazi kwamba atafutwe mpiga kinanda kabla Mungu hajahama.

Baraza la kanisa likakutana kwenye chumba cha kasisi, yaani lilianzia pale likamalizikia, kama kawaida, katika nyumba ya wageni ya Paa Mweupe. Mimi nilikuwa pale kwa sababu nilileta pipa. Kasisi akasema binti wa marehemu ameomba kujaribiwa pamoja na wanaume.

"Mwanamke?" akauliza Bwana Tuckwell. Huyu alikuwa mzee mkuu wa kanisa, mtengeneza kimea cha pombe, mtu mkubwa mwenye shingo nyekundu.

"London wapo wanawake wanaopiga," kasisi akasema.

"London wanakula hata samaki waliooza. Hiyo si sababu."

"Sheria haimkatazi, Bwana Tuckwell."

"Nani amesema inamkataza? Aje ajaribu, tutacheka, ataondoka. Lakini nisikilizeni vizuri." Akaweka kikombe chini. "Mwanamke akiolewa, kila chake ni cha mume. Leo tunampa binti kinanda, kesho anaolewa na mlevi mmoja kutoka Ludlow, huyo mlevi anakuja kudai mshahara wetu huku ufunguo wa roshani uko mfukoni mwake. Hapana, bwana! Akichaguliwa mwanamke, aape kukaa bila mume. Siku anayoolewa, anarudisha ufunguo. Na akishaurudisha asije akatulilia tena mlangoni."

Wakagonga meza kwa vikombe, ikawa imepita. Niliondoka bila kudai pesa ya pipa, na wanaonijua watakuambia hilo halijawahi kutokea.

Jumapili tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Shindano lingekuwa Alhamisi baada ya Pentekoste, nyuma ya pazia, kwa namba, na mwamuzi angetoka Worcester ili asiwe na wa kumpendelea. Sharti la mwanamke liliandikwa chini kabisa.

Siku ile ile jioni, jua bado halijatua, Damaris akaja karakanani kwangu. Hakuwahi kufika pale. Alikuwa na nguo nyeusi za msiba na viatu vyenye tope. Nikapangusa pipa moja lililopinduliwa, akakaa.

"Umesoma pale mlangoni?" akaniuliza.

"Nimesoma."

"Tuckwell amenipendelea, nasikia. Ameniruhusu nijaribu ili wapate kucheka."

"Tuckwell ni fala," nikasema. "Samahani, Bi Damaris."

"Hapana, endelea."

Tukacheka kidogo. Mimi nikaona kwamba nisiposema wakati ule nitakufa na neno langu kooni. Nikasema nikiwa nimeshika nyundo, nimesahau hata kuiweka chini.

"Nilitaka kukuomba jambo kabla hawajabandika lile tangazo. Nilikuwa nangoja msiba upoe. Mimi nina nyumba hii, na bustani ya matufaha kule nyuma, na silewi ila siku ya mavuno. Nilitaka kukuomba uwe mke wangu. Ningekuomba mapema zaidi, lakini mimi ni mwoga. Basi, nimesema."

Hakushtuka. Alitazama mikono yake.

"Najua," akasema. "Unavukuta tofauti ninapopiga mimi."

"Tofauti vipi?"

"Unanitangulia. Kabla sijataka upepo, upo."

Uso wangu ukawaka. Nilidhani siri ile ilikuwa yangu peke yangu.

"Nikishindwa," akaendelea, "nyumba ya mpiga kinanda, ambayo ni ya kanisa, nitaiacha, na nitakuja hapa, na nitakuwa mke wako, Enoch. Na sitakuja kwa kununa. Usidhani utakuwa umeokota kilichotupwa. Nitakuja kwa moyo wangu. Lakini nikishinda..."

"Ukishinda, nini? Malizia."

"Unajua mwenyewe. Wewe ndiye unayejua kuliko mtu yeyote."

"Kwani wewe unataka lipi?"

Akainuka. "Usiniulize hilo. Tafadhali, kila kitu niulize, hilo usiniulize." Akatoka, nikabaki na nyundo yangu.

Siku zilizofuata nilitengeneza mapipa mabovu kuliko yote niliyowahi kutengeneza. Asubuhi nilimwomba Mungu Damaris ashinde. Mchana, nikila mkate na jibini peke yangu kwenye meza ya watu wawili, nilimwomba Mungu ashindwe. Mungu lazima aliona huyu fundi mapipa amepungukiwa. Nilianza kuiona kofia yake kwenye msumari pale karibu na mlango, ambapo hapakuwa na kofia. Nilianza kumwekea nafasi hata kwenye benchi. Mtu ukishaanza hivyo, umekwisha.

Alhamisi ikafika. Kanisa lilijaa kuliko Pasaka. Watu walikuja na pai zao kwenye vitambaa, na wengine walikuwa wameshaanza kubishana nani mkali kabla hata kinanda hakijalia. Mwamuzi kutoka Worcester alikuwa mzee mkavu mwenye wigi la kijivu. Akawekewa kiti mbele kabisa, ameipa roshani mgongo. Bwana Tuckwell akatia namba kwenye kofia yake, wenye kujaribiwa wakachagua wakiwa chumbani kwa kasisi, mmoja mmoja wakapandishwa kwa ngazi ya nyuma. Mimi niliambiwa nisikohoe, nisiseme, nisichungulie.

"Na usilale," Tuckwell akaongeza.

"Wewe ndiye unayelala, Bwana Tuckwell," nikamwambia. "Mimi husikia mkoromo wako toka huku juu."

Wa kwanza alikuwa mtu wa Ludlow. Alipiga kama anayehesabu magunia. Upepo wake sikumbuki hata.

Wa pili nilimjua mara moja kwa madoido ya vidole vyake, japo sikuwahi kumvukutia. Alikuwa Bwana Crispin Vane, mpwa wa tajiri mwenye mashamba yote upande wa pili wa mto, kijana aliyesomea muziki mjini Bath. Alikuwa na vidole vya ajabu, siwezi kusema uongo. Lakini kinanda chetu kimepangwa sauti zake kwa mtindo wa kizamani: kuna sauti unazoweza kuzichanganya zikakaa pamoja vizuri, na kuna zile ukizigusa pamoja zinapiga kelele za mbwa. Sisi tumezoea, na mtu wa hapa hazisogelei. Bwana Vane, kwa kutaka kuonyesha ya Bath, akaenda akazama humo humo. Kinanda kikabweka. Akadhani amekosea kidole, akarudia kwa nguvu zaidi. Kikabweka zaidi. Chini nikasikia kicheko cha wanawake na Tuckwell akisema kimya, kimya jamani.

Kisha kukawa na utulivu. Nikasikia benchi likisogezwa, halafu kisigino kikagonga ubao mara mbili, polepole, ishara ya Damaris kila Jumapili kwamba anaanza.

Alianza na zaburi. Aliifikisha mwisho wa ubeti, akaingia kwenye pengo, na safari hii hapakuwa na waumini wa kumkatiza. Akauliza lile swali lake. Akalijibu. Sitaweza kueleza lilivyojibiwa, mimi ni mtu wa mapipa. Naweza kusema tu kwamba nilikuwa nimelingoja miaka yote ile na lilipokuja nililitambua. Kisha akaingia kwenye kipande kirefu alichokitunga mwenyewe, mwanzo wake wa taratibu sana, kwenye zile filimbi nene.

Hapo ndipo nilipoitazama risasi ukutani.

Nataka nieleweke. Sikupanga. Nilikuwa na mti wa mivukuto mkononi, na ghafla nikaona kwamba kila kitu nilichokitaka duniani kilikuwa mle mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama. Si kuvunja, si kuiba, ni kupumzika tu kidogo, mtu mzima aliyechoka baada ya kuwavukutia wawili. Kinanda kingeguna mara moja, mara mbili, mwamuzi angekunja uso, na jioni Damaris angekuwa anafungasha vyombo vya baba yake kuvileta kwangu. Wala asingejua. Angedhani ni mivukuto mikuukuu.

Nikasimama. Naapa nilisimama. Mti ukatulia juu, na risasi ikaanza kupanda kuelekea chaki. Yeye akaendelea kupiga, hana habari, ametulia, ananitegemea kama mtu anavyotegemea sakafu. Risasi ikapanda. Nikaiona ile meza yangu na watu wawili. Nikamwona yeye upande wa pili akikata pai, akiinua macho, akinitabasamia. Na nikaona kwamba mimi nisingeweza kumtazama. Kila siku ya Mungu nisingeweza. Ningekuwa na mwanamke niliyemtaka na ningekuwa nimemwibia kile alichokuwa nacho, tena kwa mkono ule ule aliouamini.

Risasi ilipogusa chaki nikaukandamiza mti kwa mikono yote miwili. Upepo ukaja. Sidhani kama nimewahi kuvukuta vile, kabla wala baada. Nilimpa wote. Akaingia kwenye sehemu ya mbio, akafungua sauti ya tarumbeta, nami nilikuwa nalia mle kizani, pua inanitiririka, sina mkono wa kuifuta.

Chini sauti ya Mama Sallow ikapasua kanisa: "Mungu wangu, ni yeye! Ni Bwana Ludlam! Amerudi!"

"Kaa chini, Mama Sallow!" Tuckwell akanguruma.

"Nikae vipi? Mimi simjui? Nimemsikia kila Jumapili!"

Wanawake wengine wakaanza kulia. Mzee mmoja akavua kofia, akapiga magoti. Walimtambua wote. Walikuwa wakimlilia marehemu kwa muziki wa mtu aliye hai, juu yao hatua chache tu.

Kipande kikaisha. Mwamuzi wa Worcester hakushauriana na yeyote. Alisimama akasema, "Wa tatu," akakaa, akatoa leso.

Pazia likafunguliwa. Nilitoka kichumbani nikachungulia kwa pembeni, marufuku au si marufuku. Damaris alikuwa amesimama mbele ya benchi na nguo zake nyeusi, mikono kandokando. Watu wakanyoosha shingo.

"Binti Ludlam," Tuckwell akasema. Shingo yake ilikuwa imezidi wekundu. "Kwa hiyo miaka yote hii, yule aliyekuwa akipiga..."

"Ni mimi, Bwana Tuckwell. Baba vidole vilimshinda."

"Na siku ya harusi ya binti yangu?"

"Ni mimi. Ulimtumia baba bata mzinga wa shukrani. Tulimla pamoja, alikuwa mtamu."

Watu wakaangua kicheko, na Mama Sallow akacheka kwa sauti kuliko wote huku machozi bado yanamtoka. Tuckwell akangoja kitulie. Sasa mtu huyu, pamoja na upumbavu wake, hakuwa mwongo, alikubali alichosikia. Akapanda roshani na Biblia, akamsomea lile sharti mbele ya watu: atakaa bila mume, na siku anayoolewa ufunguo unarudi, na hautatolewa tena.

"Unakubali?"

Nilimtazama. Yeye hakunitazama. Alitazama vibao vya kinanda, vyeusi na vyeupe, vilivyochakaa katikati kwa vidole vya baba yake na vyake.

"Ndiyo," akasema. Akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa.

Tuckwell akampa ufunguo, akashuka kuwatangazia watu kwamba wasiondoke, itaimbwa zaburi moja ya shukrani kisha waende zao. Kukawa na shughuli kule chini, watu wanarudi kwenye viti, wanabishana, wanatoa pai. Pazia likavutwa tena. Damaris akazunguka kinanda, akaja kusimama mlangoni pa kichumba changu, nilikokuwa nimesharudi, kama siku ile ya kwanza. Lakini hakusema asante.

"Ulisimama," akasema.

"Kidogo tu. Haikufika kokote. Niliuwahi."

"Nilisikia. Upepo ulianza kulegea chini ya vidole vyangu."

"Nisamehe, Bi Damaris. Shetani alinipitia. Lakini niliuwahi, umeona mwenyewe, haukukatika. Nisingekufanyia vile."

Alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu.

"Mimi mwenyewe siwezi kuharibu," akasema. "Nilijaribu jana, peke yangu humu, bila upepo. Nikasema nipige vibaya nizoee. Mikono inakataa. Basi nikakuachia wewe. Uliposimama, Enoch, moyo wangu uliruka. Nilijua ni wewe, nilijua unachofanya. Nikawa nabonyeza na kungoja. Nikasema, haya, sasa. Sasa. Ukate."

Nilishika ule mti kama mlevi anavyoshika nguzo.

"Shuka uwaambie hutaki," nikasema. "Shuka sasa hivi. Nitashuka na wewe."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Ni neno moja tu!"

"Kunyimwa kinanda ningeweza, Enoch. Ningelia siku mbili tatu, halafu ningekuja kwako na kuimba jikoni. Kukikataa mwenyewe siwezi." Akanyoosha mkono, akanifuta uso kwa ncha ya shali yake, kwa uangalifu, kama anayefuta kitu cha mtu mwingine. "Ulikuwa na huruma na mimi. Nilitaka uwe mchoyo."

Kule chini Tuckwell akapiga makofi. "Tunangoja huko juu!"

Akageuka akaenda. Nikasikia benchi likisogezwa. Muda ukapita, na sikusikia kisigino kugonga ubao. Nikangoja. Kisha sauti yake ikapita kati ya filimbi, ya chini, karibu sana.

"Nipe upepo, Enoch."

Nikampa.